Vitamu vya duka dogo: habari za Japani



Majuma yaliyopita tumesema juu ya treni za Japani, na juu ya namna watu wa kule wanavyosalimiana. Sasa wanafunzi kadhaa wameleta swali ambalo, nadhani, walikuwa nalo tangu mwanzo: "Na vitu vitamu, je? Wajapani wanakula nini kilicho kitamu?" Swali ni jema, nami nalijibu kwa furaha. Msafiri akirudi kwao, wakubwa humwuliza habari za kazi na za mishahara. Watoto humwuliza alikula nini, na mara nyingi ni watoto wanaopata habari iliyo ya kweli zaidi.

Sitawapeleka katika hoteli kubwa. Mgeni alaye hotelini hula chakula kilichopikwa kwa ajili ya wageni, kisha husema, "Nimekijua chakula cha nchi ile." Hakukijua. Twendeni afadhali katika duka dogo la pembe ya njia, pale mtu atokaye kazini, mwanafunzi, polisi wa zamu na bibi kizee wa jirani wanaponunua kitu kwa sarafu chache.

Duka la namna hiyo Wajapani huliita konbini. Jina hilo wamelikata kutoka neno la Kiingereza lenye maana ya urahisi, wala si jina la uongo. Katika nchi nzima kuna maduka kama hayo zaidi ya 55,000, na makampuni matatu, yaani 7-Eleven, FamilyMart na Lawson, ndiyo yenye sehemu kubwa. Mengi hayafungwi mchana wala usiku. Humo mtu hulipa umeme wa nyumba yake, hutuma mizigo, huchukua feza zake za benki, hununua mwavuli, soksi, au tonge la wali lililofungwa katika jani la mwani.

Wala maduka haya hayakuzaliwa Japani. 7-Eleven ilianza mwaka 1927 katika mji wa Dallas, Marekani, kama kampuni ya kuuza barafu. Jina lake la sasa lilipatikana mwaka 1946, nalo lilitangaza saa za kazi: tangu saa moja ya asubuhi hata saa tano ya usiku, ndiyo 7 na 11 kwa hesabu ya Wazungu. Lawson alikuwa mwuza maziwa wa Ohio, naye alianza mwaka 1939. Hata leo birika la maziwa limechorwa katika kibao cha maduka yenye jina lake. Duka la kwanza la 7-Eleven huko Japani lilifunguliwa Mei 1974, Toyosu, mjini Tokyo, mahali palipokuwa duka la pombe. Lawson ilifuata mwaka 1975, mjini Toyonaka, karibu na Osaka. Wajapani walikichukua kitu cha wengine wakakigeuza, hata leo Wamarekani wenyewe wakifika kule hushangaa kuona duka lao limekuwa zuri kuliko lilivyo kwao. Liwekeni jambo hili moyoni, maana tutakutana nalo tena mbele ya kabati la keki.

Basi, ingieni pamoja nami. Mlango hufunguka wenyewe, sauti ndogo ya kengele hulia, na mtumishi husema maneno ya kutukaribisha. Mikate mitamu imepangwa katika rafu za wazi. Vitu vya maziwa na vya krimu vimo katika kabati la baridi, na aiskrimu ina sanduku lake. Bei ya kitu kimoja ni kwa kawaida kati ya yeni 100 na 400. Karatasi ya bei huonyesha mara nyingi hesabu mbili: moja bila kodi, na ya pili pamoja na kodi. Tangu Oktoba 1, 2019, chakula cha kuchukua nyumbani hutozwa kodi ya 8 kwa mia, na chakula cha kuliwa palepale dukani hutozwa 10 kwa mia. Hivyo keki moja ina bei mbili, kwa kadiri ya mahali utakapokaa kuila! Mfuko wa plastiki nao hulipiwa tangu Julai 2020. Msafiri mwenye busara hutembea na mfuko wake.

Nilianza na kile ambacho kila mtoto wa Japani hukijua, nacho ni purini. Jina limetoka kwa Waingereza, lakini kitu chenyewe ni mayai, maziwa na sukari, vimepikwa polepole hata vikashikana, laini na vyenye kutetemeka, na chini yake kuna maji ya sukari iliyounguzwa. Purini moja, iitwayo Pucchin Purin, inauzwa tangu mwaka 1972. Chini ya kikombe chake kuna kijiti kidogo cha plastiki: ukikigeuza kikombe juu ya sahani na kukivunja kijiti, hewa huingia, na purini hushuka nzima, sukari yake nyeusi ikiwa juu kama kofia. Nimewaona watu wenye mvi wakifanya hivyo kwa furaha ya mtoto wa miaka sita. Utamu wake si wa nguvu. Na hapo nilijifunza neno la kwanza la ulimi wa Wajapani: wakitaka kuisifu keki, husema kwamba haikuzidi utamu. Kwetu neno hilo lingekuwa lawama kwa mpishi.

Kando ya purini ilikaa keki ya kuviringisha, ambayo Lawson wameiuza tangu mwaka 2009. Katikati yake ni krimu tupu, nyingi kuliko keki yenyewe, nayo huliwa kwa kijiko. Karibu nayo palikuwa na keki ya jibini, nyeusi juu kama iliyosahauliwa motoni. Msiihurumie, maana imeunguzwa kwa makusudi. Asili yake ni mgahawa uitwao La Viña, katika mji wa San Sebastián, Hispania. Lawson walipoanza kuuza mfano wake mwezi wa Machi 2019, walimaliza milioni moja kwa siku 3. Mimi niliila nusu nikashiba, kwa kuwa jibini ni zito. Tena, mwenye tumbo lisilozoea maziwa mabichi na achague kitu kingine. Watu wazima wengi wa Afrika, na wa Asia vilevile, hawapati nafuu katika maziwa, na safari si wakati wa kulijaribu tumbo.

Tuyaache ya krimu. Katika rafu ya wazi, mahali pasipong'aa, kuna kipande cha keki ya rangi ya dhahabu, chenye mgongo wa kahawia, kimefungwa katika karatasi. Hiki ni kasutera, nacho kina miaka mingi kuliko duka, kuliko kampuni, kuliko mji wa Dallas wenyewe. Mtakatifu Fransisko Ksaveri alishuka Kagoshima Agosti 15, 1549. Nyuma yake walifika mapadri na wafanya biashara wa Ureno, na pamoja nao mikate, sukari, na desturi ya kupika mayai pamoja na unga. Mwaka 1569 Padri Luís Fróis alimpelekea Oda Nobunaga, mtawala mkuu wa siku zile, chupa ya kioo iliyojaa punje za sukari ziitwazo kwa Kireno confeito. Wajapani wanazo hata leo, za rangi nyingi, zenye vijipembe kama nyota, nao huziita konpeito. Neno lao la mkate ni pan, nalo ni Kireno. Na kasutera ni jina la Castela, nchi ya Hispania, jinsi walivyolisikia kwa Wareno mjini Nagasaki. Baadaye, mwaka 1614, dini ya Kikristo ilikatazwa katika nchi nzima, na waamini waliteswa vibaya. Mwaka 1639 meli za Wareno zilifukuzwa kabisa. Keki ikabaki. Wapishi wa Nagasaki waliendelea kuipika, wakaibadili kidogo kidogo. Leo mtu akiuliza vitamu vya Nagasaki, ataonyeshwa kasutera kabla ya kingine chochote.

Nilikila kipande changu pamoja na chai ya kijani isiyo na sukari. Ni kikavu kidogo, chenye harufu ya mayai na ya asali. Kwa kusema kweli, ndicho kitu pekee cha duka lile ambacho mama yangu mzazi angekitambua mara moja kuwa keki.

Sasa tufike kwenye jambo lililonisumbua zaidi, yaani maharagwe.

Nilikuwa nimenunua mkate wa duara, laini, wa kung'aa, wenye mbegu ndogo juu yake. Nikauma. Ndani yake mlijaa maharagwe yaliyopondwa, nayo yalitiwa sukari! Mkate huo ni anpan. Habari zake ni hizi. Katika miaka ya 1870 watu wa Tokyo hawakuupenda sana mkate wa Wazungu, waliouona mgumu na mchachu. Mwoka mikate mmoja, Kimura Yasubei, aliuchachusha unga kwa chachu ya pombe ya mchele, kisha akautia ndani maharagwe matamu ambayo watu waliyajua tangu babu zao. Huo ulikuwa mwaka 1874. Aprili 4, 1875 mkate wake ulipelekwa mezani pa Mfalme Meiji, ukiwa na ua la mcheri lililotiwa chumvi, na mfalme aliupenda. Leo hutaingia katika konbini yoyote usiuone.

Najua mnacheka. Kwetu haragwe ni chakula cha chumvi, cha kitunguu na mafuta ya mawese; ni mboga ya bugali na ya wali; ni chakula cha masomo ya bweni, na wengine wamekula mengi hata hawataki kuyaona. Kulitia haragwe sukari ni kama kuitia chai pilipili. Nami nilipouma mara ya kwanza nilitafuta mahali pa kutema. Mara ya pili nilisikia ladha kama ya karanga, na kama ya kiazi kitamu. Mara ya tatu mkate ulikuwa umekwisha.

Haragwe lenyewe ni dogo, jekundu, liitwalo azuki. Wajapani hulipenda katika mavazi mengi, na vazi zuri kuliko yote, kwa maoni yangu, ni daifuku. Hapo maharagwe yamefungwa ndani ya ngozi nyeupe, laini kama shavu la mtoto, iitwayo mochi. Mochi ni mchele, lakini si mchele wowote: ni ule unaonata sana. Huupika kwa mvuke, kisha huutwanga kinuni. Ndiyo, wasomaji, kinuni. Kinu chao ni cha mti au cha jiwe, na mchi wao una mpini wa pembeni kama nyundo kubwa. Mmoja hutwanga, mwenzake, mkono wake ukiwa umeloweshwa maji, huligeuza donge kati ya pigo na pigo. Mwanamke yeyote wa Maniema, aliyekulia penye mchele na kinu, angeshika mchi ule bila kufundishwa. Siku hizi viwanda hutwanga kwa mashine, lakini mwisho wa mwaka familia nyingi, na shule, na mitaa, hukitoa kinu tena ili watoto waone.

Kuna daifuku lenye stroberi nzima katikati, tunda lile dogo jekundu linalolimwa pia katika milima ya Kivu. Uchachu wa tunda, utamu wa haragwe, ulaini wa mchele: nilinunua moja, nikarudi kununua la pili, na mtumishi alitabasamu kidogo. Kuna na Yukimi Daifuku, inayouzwa tangu 1981, ambayo ndani yake ni aiskrimu badala ya haragwe. Watoto huipenda mno. Lakini sikieni onyo moja ambalo Wajapani wenyewe hulisikia kila mwaka mpya kutoka kwa wakuu wa miji yao: mochi hunata kooni. Wazee hufa kwa ajili yake. Mzee na mtoto mdogo wakatiwe vipande vidogo, watafune sana, wasiongee wala kucheka wakiwa nayo kinywani.

Rafuni palikuwa na vingine vya ukoo huohuo. Dango ni vidonge vya unga wa mchele vilivyochomekwa katika kijiti na kupakwa mchuzi wa soya wenye sukari. Warabimochi hutetemeka kama purini, nao hunyunyiziwa unga wa soya iliyokaangwa. Akina mama wetu walioufahamu unga wa soya katika vituo vya afya, wakiupika kuwa uji wa watoto wanyonge, wangeshangaa kuuona juu ya kitamu cha watu wenye mshahara. Na wakati wa baridi, karibu na meza ya kulipia, maduka mengine huweka sanduku la moto lenye viazi vitamu vilivyookwa na maganda yake. Kiazi kitamu, nasema, kile kile cha majivu ya jikoni kwetu. Huviringishwa katika karatasi, nawe hukipokea kwa mikono miwili, maana kinaunguza. Majani ya miti yakianza kupukutika, kiazi hicho huingia katika keki, katika purini, katika aiskrimu, na watu hukingoja kama sisi tunavyongoja msimu wa maembe.

Hapo ndipo nilisimama mbele ya kabati nikafikiri habari za kwetu.

Maana, angalieni jinsi vitu vile vilivyopangwa. Keki ya Hispania, keki ya Ureno, purini ya Uingereza, daifuku la kinu cha kijijini na kiazi cha shambani: vyote katika duka moja, bei zake karibu sawa, karatasi zake safi sawa. Hakuna aonaye haya kununua dango badala ya krimu. Kijana mwenye suti nzuri hula haragwe tamu akisimama, wala hadhani kwamba amejishusha. Wamepokea vitamu vya mataifa mengine bila woga, lakini vya bibi zao hawakuvitupa jalalani ili kuwapa wageni nafasi.

Na kwetu? Mgeni akija siku ya Jumapili, mtoto hutumwa dukani kuleta biskuti za pakiti zilizovuka bahari, ngumu, zenye harufu ya sanduku. Viazi vilivyookwa hufunikwa jikoni asivione. Karanga zilizokaangwa na sukari, maandazi ya ndizi mbivu na unga wa muhogo, asali ya msituni, ufuta: hivyo twaviita vitu vya watoto wa njiani. Mama anayeviuza kwenye kituo cha mabasi huvifunga katika kipande cha gazeti, na sisi tukinunua hutazama kwanza kama yupo atuonaye. Sisemi kwamba biskuti ni mbaya. Nauliza tu ni nani aliyetufundisha kwamba kitamu chenye heshima ni kile kilichofungwa na mtu tusiyemjua. Wajapani hawakuongezea kiazi chao kitu kikubwa. Walikiosha vizuri, walikipa karatasi safi, wakaandika bei yake wazi.

Sasa lazima niseme na upande mwingine, maana ukurasa huu haukuwekwa kwa ajili ya kusifu tu. Kabati lile lililojaa saa nane ya usiku lina mtu anayelilipia. Duka la konbini, mara nyingi, si la kampuni. Ni la bwana na bibi waliotia sahihi mkataba, nao hulipa sehemu ya faida kwa kampuni. Kijana wa kazi asipopatikana, hukesha wao wenyewe. Mwaka 2019 mwenye duka mmoja wa Higashiosaka, aliyefiwa na mkewe na kukosa wasaidizi, aliamua kufunga usiku. Kampuni ya 7-Eleven haikukubali, na ugomvi wao ulizungumzwa nchi nzima. Baadaye makampuni yalianza kuyaruhusu maduka mengine kupunguza saa za kazi. Na wale vijana wanaosimama usiku mezani pa kulipia, tazameni majina yao kifuani: wengi katika miji mikubwa ni wanafunzi wa Nepal, wa Vietnam, wa Myanmar. Sheria huwapa ruhusa ya saa 28 za kazi kwa juma wakati wa masomo. Mmoja aliniuliza nimetoka wapi, nikamwambia Kongo. Akasema kwamba na yeye yu mbali na kwao, akaniwekea vijiko viwili badala ya kimoja.

Tena kuna chakula kinachotupwa. Kitamu cha krimu huishi siku chache tu. Saa yake ikipita, mashine ya kulipia hukikataa, nacho huondolewa. Kwa muda mrefu mwenye duka akitaka kupunguza bei ya kitu kinachokaribia mwisho, alizuiwa. Mwaka 2009 tume ya serikali inayosimamia haki katika biashara iliiamuru 7-Eleven ya Japani iache kuwazuia. Kwa hesabu ya serikali, mwaka 2022 nchi ile ilitupa tani milioni 4.72 za chakula ambacho kingaliweza kuliwa, sehemu katika biashara na sehemu katika nyumba za watu. Tangu mwaka 2021 mtaona dukani vibao vidogo vinavyomwomba mnunuzi achukue kitu kilicho mbele rafuni, chenye siku chache, badala ya kuingiza mkono nyuma kutafuta kipya. Mimi nilikula vitamu vyangu usiku uleule, kwa hiyo nilichukua vya mbele. Ladha ilikuwa ile ile.

Hata bei ndogo hushikwa kwa heshima. Kuna kijiti cha barafu tamu kiitwacho Garigari-kun, cha watoto, kilichoanza mwaka 1981. Kwa miaka 25 bei yake ilikuwa yeni 60. Mwaka 2016 kampuni ilipopandisha kuwa 70, wakubwa na wafanyakazi wake walijipanga mbele ya picha ya televisheni, wakainamisha vichwa kuomba radhi kwa ajili ya yeni 10. Mwaka 2024 imefika 80. Wenye maduka wa mjini kwetu, wanaoamka asubuhi na kupandisha bei ya sukari bila neno, nawaachia habari hii bila maelezo.

Kwa ninyi mtakaosafiri kwa masomo au kwa kazi, machache ya kufaa. Karatasi ya kila kitu ina tarehe, na mara nyingi saa pia, isomeni. Mwenye mwili usiopatana na mayai, karanga, ngano au maziwa aombe mtu amsomee orodha, maana sheria inataka viandikwe. Mwenye ugonjwa wa sukari asidanganyike kwa kuwa utamu ni mdogo ulimini, sukari imo. Kula huku ukitembea barabarani hakupendezi machoni pa wengi, basi simama kando, au rudi chumbani kwako. Tena usitafute pipa la takataka njiani, kwa sababu ni machache sana. Karatasi yako uiweke mfukoni hadi utakapolipata.

Akina mama wameomba pia njia ya kupika maharagwe matamu, nami nimeijaribu kwa maharagwe madogo mekundu ya sokoni. Chukueni nusu ya nusu kilo, yaani gramu 250. Yalowesheni usiku kucha, yamwage maji. Yachemsheni kwa nguvu dakika kumi, mkamwage maji hayo pia, kwa sababu yana uchungu. Tieni maji mapya, mpike kwa moto wa wastani hata haragwe libonyee kati ya vidole viwili bila kubishana. Chujeni, ponda kwa mwiko, na mkitaka yawe laini sana mpitishe katika chujio ili maganda yabaki. Rudisheni sufuriani pamoja na sukari gramu 200 na chumvi kidogo, ya kushikwa kwa vidole. Korogeni bila kuacha juu ya moto mdogo, maana huungua upesi; mwiko ukiacha njia katikati ya sufuria na njia hiyo isijifunge mara, epueni. Yakipoa yatakuwa mazito zaidi. Yafungeni ndani ya unga wa maandazi kabla ya kuyakaanga, nanyi msiwaambie watoto kilichomo mpaka wamekwisha kula la kwanza.